Bei ya Mashine ya Gemu: Historia Tuliyoikuta Harusini Kasulu



Mwaka huu tumempeleka biharusi wetu mbali kuliko wote tuliowahi kuwapeleka. Tulipanda boti Unguja, tukalala Dar, tukaingia basi mpaka Kigoma mwisho wa reli, kisha tukakwea milima hadi Kasulu. Sisi tuliozoea joto la Mji Mkongwe tulikiona cha mtema kuni. Asubuhi ukungu umelala juu ya migomba, na sisi tumejifunga kanga tatu tatu. Lakini wenyeji wetu Waha walitupokea kwa moyo mweupe: maharage, ugali, migebuka ya ziwani, na maji ya moto ya kuoga kila alfajiri.

Bwanaharusi ni kijana wa dini na adabu. Ana kibanda cha gemu karibu na soko: televisheni mbili, mashine mbili za PlayStation, mabenchi ya mbao, na vijana wanaolipia mechi moja moja ya mpira. Siku mbili kabla ya nikahi alituma ujumbe kupitia shangazi yake: je, biharusi ataridhia kumkopesha sehemu ya mahari yake anunue mashine mpya kabisa?

Jamani, pakachafuka. Mama mkubwa akasema mahari ya mtoto wake haiendi kwenye mchezo. Somo wa biharusi akasema mume anayekopa kabla hajaoa, akishaoa atafanyaje? Wengine wakasema msaidieni kijana, ndiyo kazi yake ya halali. Biharusi mwenyewe alinyamaza muda mrefu, kisha akatugeukia sisi. "Nyie mnaosoma sana, niambieni. Ile mashine inauzwaje, inaingizaje pesa, na mbona mpya ni ghali hivyo? Nikijua, nitajibu."

Tukakaa naye usiku ule, hina ikikauka mikononi mwake, tukamweleza tunayoyajua. Tunayaandika hapa kwa sababu tuna hakika si yeye peke yake atakayeulizwa swali kama hilo.

Mahari ndogo, kilemba kikubwa

Sote tunazijua harusi za namna hii. Mbele ya kadhi inatajwa mahari ndogo, watu wanasema mashaallah, familia haina tamaa. Kumbe pembeni kuna orodha: kilemba cha baba, mkaja wa mama, ufungua mlango, sanduku la nguo. Ukijumlisha, unakuta mahari ndiyo iliyokuwa nafuu kuliko vyote.

Mashine ya gemu inauzwa vivyo hivyo. Bei iliyoandikwa kwenye boksi ni mahari. Kilemba na mkaja ni gemu zenyewe, ni pedi za ziada (zile za kushika mkononi, msicheke), na siku hizi ni ada ya kucheza na wenzako kwenye intaneti. Kampuni iko radhi kupata faida kidogo kwenye mashine, au hata kula hasara, kwa sababu kila gemu itakayouzwa baadaye inaiingizia pesa. Hata gemu ikitengenezwa na kampuni nyingine, aliyetengeneza mashine analipwa mrabaha wake.

Lakini biashara hii haikuanza hivyo. Mashine ya kwanza ya kuchezea gemu nyumbani, Magnavox Odyssey, iliuzwa Marekani mwaka 1972 kwa karibu dola 100. Mwaka 1977 ikaja ya Atari, chini kidogo ya dola 200, na hiyo ndiyo iliyowazoesha watu kununua mashine mara moja na katriji za gemu mara nyingi. Atari ikaona imepata shamba lenye kuzaa kila msimu.

Ila shamba lile halikuwa na ua. Mwaka 1979 baadhi ya watengenezaji gemu wa Atari waliondoka, wakaanzisha kampuni yao, Activision, wakawa wanauza gemu za kuchezwa kwenye mashine ile ile ya Atari. Atari ikaenda mahakamani, na mwishowe wakaelewana kwa kulipana mrabaha. Wakati huo kila mtu alikwisha kuona kwamba mlango uko wazi. Madukani zikajaa gemu mbovu, wateja wakachoka, na mwaka 1983 biashara nzima ikaporomoka Marekani. Wahenga wetu walisema rahisi inavunja upishi, na upishi ule ulivunjika kweli kweli.

Mwaka huo huo wa 1983, Japani, Nintendo ilitoa mashine yake, Famicom, kwa yeni 14,800. Ilipoipeleka Marekani mwaka 1985 iliweka ndani chipu ya kufuli: katriji isiyokuwa na ruhusa haichezi. Anayetaka kuuza gemu alipaswa kuomba leseni, kukubali idadi ya gemu kwa mwaka, na kulipia katriji ambazo Nintendo yenyewe ndiyo inayozitengeneza. Ua ukajengwa, na mwenye shamba akashika ufunguo. Tangu hapo bei ya mashine ikawa chambo. Samaki ni gemu.

Vita vya panzi

Kwa kuwa bei ilikuwa chambo, makampuni yakaanza kushindana nani ataishusha zaidi. Mwezi Mei 1995, kwenye maonyesho ya gemu Los Angeles, Sega ilitangaza kwamba mashine yake ya Saturn itauzwa dola 399. Baadaye siku hiyo hiyo mkuu wa PlayStation Marekani, Steve Race, alipanda jukwaani, akataja tarakimu moja tu, 299, akashuka. Sega haikupona vizuri pigo lile. Gemu za Sony zilikuwa kwenye CD, na kuchapa CD ni rahisi mno kuliko kutengeneza katriji.

PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000 kwa yeni 39,800, na Marekani Oktoba mwaka huo kwa dola 299. Wengi waliinunua kwa sababu ilikuwa pia deki ya DVD. Imeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na mashine hizo zilizochoka huko ndizo zilizofika kwetu, Darajani na Kariakoo, kisha zikapanda malori hadi Kasulu na Kibondo.

Microsoft iliingia mwaka 2001 na Xbox, nayo kwa dola 299. Miaka 20 baadaye, mwaka 2021, ofisa wake mmoja aliulizwa mahakamani Marekani kama kampuni imewahi kupata faida kwa kuuza mashine zenyewe. Alijibu kwamba haijawahi.

Kichekesho kikubwa kilikuwa mwaka 2006. PlayStation 3 iliuzwa dola 499 kwa toleo dogo na dola 599 kwa toleo kubwa, na watu walipiga kelele kwamba ni ghali. Kampuni ya utafiti ya iSuppli ikaifungua, ikahesabu kila kipande ndani yake, ikakadiria kwamba toleo dogo liligharimu zaidi ya dola 805 kulitengeneza, na kubwa zaidi ya dola 840. Yaani mnunuzi analalamika na muuzaji analia! Msimu ule ule Nintendo ilitoa Wii kwa dola 249, mashine ya kawaida isiyo na makuu, na ikapata faida tangu siku ya kwanza.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kunguru tulikuwa sisi wanunuzi. Zaidi ya hapo, tulizoea kwamba ukisubiri, bei itashuka. Viwanda vinajifunza, chipu zinakuwa ndogo, gharama inapungua. PlayStation 2 iliyoanza dola 299 ilifika dola 99 mwaka 2009.

Mtindo huo umevunjika. PlayStation 5 ilianza Novemba 2020 kwa dola 499, na kufikia Agosti 2021 Sony ilisema toleo hilo halimtii tena hasarani. Zamani hapo ndipo bei ingeanza kushuka. Badala yake mwaka 2022 ikapandishwa Ulaya, Japani na kwingineko, na mwaka 2025 ikapandishwa Marekani pia. Chipu mpya hazipungui bei kama za zamani, na ushuru umeongezeka. Mwaka 2019 makampuni yote matatu yaliiandikia serikali ya Marekani kupinga ushuru, yakaeleza kwamba zaidi ya asilimia 96 ya mashine zilizoingizwa nchini humo mwaka 2018 zilitengenezwa China. Kwa hiyo biharusi aliposikia bei ya mashine mpya na kushtuka, hakushtuka bure. Juu yake kuna nauli ya meli, ushuru, faida ya wa Dubai, faida ya wa Kariakoo, na lori la kupanda mlima.

Lile jiwe jeusi

Tulidhani hadithi imeishia hapo. Kesho yake tulikuwa jikoni tukichambua mchele wa walima pamoja na mama mmoja jirani, mwenye Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa. Alivuka Tanganyika kwa mtumbwi akiwa msichana, mwaka 1996, akaishi kambi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuolewa. Akatusikia tukizungumza habari za mashine. Akauliza ndani yake mna nini. Mmoja wetu akataja koltani.

Mama akaacha kupepeta. "Ndugu yangu alibaki kule, akaenda kuchimba lile jiwe jeusi Shabunda," akasema. "Hakuna aliyemwambia kama ni la mchezo."

Nyarugusu iko wilaya ya Kasulu. Ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 1996, watu wa Kivu Kusini walipokuwa wakikimbia vita. Wengi walitoka Fizi na Uvira. Kambi ile imedumu miaka mingi, na kuna wajukuu waliozaliwa humo. Kaskazini yake, Kibondo, kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa wakimbizi wa Burundi. Milima hii imepokea wageni kwa miongo mingi.

Tuseme ukweli kama ulivyo. Mashine ya gemu haikuleta vita vya Kongo. Watu wa Fizi walikimbia miaka minne kabla ya PlayStation 2 kuuzwa, na Warundi walikimbia kwa mambo ya nchi yao. Lakini vita vya pili vilipoanza Kongo mwaka 1998, vilihitaji pesa, na pesa ilipatikana ardhini.

Koltani hutoa madini yaitwayo tantalamu, yanayotumika kutengeneza kapasita, vidude vidogo kama punje ya mchele vinavyotunza umeme ndani ya simu, kompyuta na mashine za gemu. Mwaka 2000 simu za mkononi zilikuwa zikienea duniani kama moto, na mashine mpya za gemu zilikuwa zikitoka viwandani. Kila kiwanda kikaogopa kukosa tantalamu, kila mmoja akanunua ya akiba. Bei iliyokuwa chini ya dola 50 kwa ratili ikapanda hadi zaidi ya dola 200 kabla mwaka haujaisha. Sony nayo ilipungukiwa vipuri mwaka huo, ikapunguza mashine za siku ya kwanza Marekani kutoka milioni moja hadi laki tano.

Kivu, watu wakaacha mashamba wakaenda machimboni. Waasi wa RCD-Goma wakaipa kampuni moja peke yake haki ya kusafirisha koltani, wakatoza kodi kwa kila kilo. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa liliripoti Aprili 2001 jinsi majeshi na makundi yaliyokuwa Kongo yalivyofaidika na madini hayo. Kisha mwaka huo huo wa 2001 bei ikaanguka, kwani viwanda vilikwisha kujaza maghala. Wachimbaji wakabaki na mashimo, na mashamba yamekwisha kuota magugu.

Kampuni ya gemu hainunui jiwe. Mchimbaji humuuzia mchuuzi, mchuuzi humuuzia tajiri wa mjini, naye husafirisha kwa wayeyushaji wa China, Kazakhstan, Ujerumani au Marekani. Kutoka hapo huenda kwa watengeneza kapasita, ndipo kwa kiwanda cha kuunga mashine. Mikono ni mingi mpaka hakuna anayejiona amemdhulumu mtu. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuyataka makampuni yaeleze kama madini yao yanatoka Kongo na jirani zake. Septemba mwaka huo Rais Kabila akasimamisha uchimbaji mdogo katika Kivu zote mbili na Maniema kwa miezi kadhaa. Nia ilikuwa njema, lakini wachimbaji wengi walikosa chakula. Na bado jambo halijaisha: mwaka 2024 waasi wa M23 waliuteka mji wa Rubaya, Kivu Kaskazini, penye machimbo yanayotajwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia.

Tantalamu iliyomo kwenye mashine moja ni kidogo sana. Mchimbaji angelipwa mara mbili, bei ya boksi isingetikisika. Tulimwambia biharusi hivyo, akasema, "Basi panzi walipopigana, si kunguru tu waliokuwapo. Na nyasi zilikuwapo."

Hesabu ya kibanda

Tukarudi kwenye swali lake. Kibanda kinapataje pesa?

Kwanza, mwenye kibanda anakula ruzuku ambayo haikukusudiwa kwake. Kampuni inauza mashine kwa bei ya chini ikitumaini kila nyumba itanunua gemu nyingi. Kibanda cha Kasulu kinanunua gemu moja ya mpira, na vijana mia wanaicheza mwaka mzima. Zamani za PlayStation 2 wengi hata hiyo moja hawakuinunua, walitumia CD za kunakili. Tulimwambia biharusi asione hilo kuwa ujanja tu. Haki ya aliyetengeneza ni haki.

Pili, umeme. Kwa miaka mingi umeme wa Kasulu na Kibondo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na gridi ya Taifa ilifika mwaka 2022. Umeme ukitulia, mechi zinaongezeka bila kuongeza mashine.

Tatu, na hili ndilo kubwa: mteja halipii mashine, analipia mechi. Kaka mkubwa wa bwanaharusi, aliyekuja harusini kutoka Kibondo, alitueleza mwenyewe. Alichukua mkopo wa riba kwa mkopeshaji mmoja akanunua mashine mpya. Picha zikawa nzuri ajabu. Vijana wakasifu, wakapiga picha, kisha wakakataa kulipa hata shilingi mia zaidi kwa mechi. Mpira ni ule ule. Akauza ng'ombe kulipa deni. Tuliporudi kwa njia ya Kibondo tuliiona mashine yenyewe, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama seti ya chai ya mgeni, inatolewa siku za sikukuu tu.

Biharusi akauliza jambo moja la mwisho: pale kibandani, nani analipa? Ikabainika wana desturi kwamba anayeshindwa anamlipia na mshindi. Sheikh aliyekuja kufungisha nikahi aliulizwa. Akasema hilo linaingia kwenye kamari, kila mmoja alipe yake.

Alivyojibu

Mahari ni mali ya mwanamke. Si ya baba, si ya mama mkubwa, wala si ya mume. Akitoa kwa ridhaa yake ni hisani, akikataa hana lawama. Biharusi wetu alijibu mwenyewe, mbele ya wazee wa pande zote mbili, sauti yake ndogo lakini haikutetemeka.

Alisema atakopesha, ila si kwa mashine mpya. Inunuliwe PlayStation 4 iliyotumika, mashine iliyotoka mwaka 2013, kwa sehemu ndogo ya mahari, na iliyobaki akae nayo. Deni liandikwe kwenye karatasi, mashahidi wawili, na tarehe za kulipa. Kila mchezaji alipe yake. Na mlango ufungwe wakati wa swala.

Bwanaharusi alipoletewa masharti aliyasoma mara mbili, akatia saini. Mama mkubwa akanuna mpaka wakati wa kula pilau, kisha akasahau.

Dada zetu mnaojiandaa kuolewa, msione haya kuuliza bei. Ukiambiwa kitu ni rahisi, uliza kilemba chake ni kiasi gani, uliza mkaja wake, na uliza nani kakaa chini kabisa ya bei ile. Mkikopeshana na waume zenu, andikianeni, kwani ndivyo tulivyofundishwa katika dini yetu.

Wiki iliyopita ametuandikia. Mvua zimeanza Kasulu, mashine imefika salama, na malipo ya kwanza ameshapewa mkononi, tena kabla ya tarehe. Yule mama wa ng'ambo ya ziwa anamletea mboga kila Ijumaa, na yeye anamfundisha mwanawe wa kike kusoma Kurani. Tumuombee yeye na nyumba yake, na tuwaombee watu wa Kivu amani, amin.